Uzi maalumu: Kitovu cha tetemeko na ukubwa wake hupatikanaje, na kwa nini namba hubadilika baada ya saa chache?

#1 Mwamba_Mkongwe

Wakuu, kila tetemeko likipita ubishi ni uleule. USGS (Shirika la Jiolojia la Marekani) wametoa namba hii, EMSC (kituo cha matetemeko cha Ulaya na Mediterania) wametoa ile, kesho yake zote zimebadilika, na hapo ndipo mtu anahitimisha kwamba wataalamu wanabahatisha. Chukueni la Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri. Taarifa za mwanzo zilisambaa na ukubwa wa 5.7 na kina cha kilomita 10. Baadaye USGS wakasimama kwenye 5.9 na kina cha kilomita 40. Tetemeko ni lilelile, ila data zilikuwa zimeongezeka na njia ya kukokotoa ilikuwa imebadilika.

Tuanze na mahali, ukubwa utafuata.

Hakuna chombo kinachokaa kwenye chanzo cha tetemeko. Kila kituo kinarekodi mwendo wa ardhi pale kilipo tu, katika pande tatu: wima, kaskazini-kusini na mashariki-magharibi, kwa kawaida mara 100 kwa sekunde. Wimbi la P, la kusukuma na kuvuta, hufika kwanza; S, la kutikisa kando, hufuata. Katika ganda la dunia P huenda karibu kilomita 6 kwa sekunde, S karibu 3.5. Kadiri unavyokaa mbali na chanzo ndivyo pengo kati ya P na S linavyopanuka, na kila sekunde moja ya pengo ni kama kilomita 8.2.

Mfano wa mezani, vituo vitatu, saa zote ni UTC, saa ya pamoja ya dunia (saa ya Kiswahili iache mlangoni, imeshaharibu orodha nyingi za matetemeko):

Kituo A: P 11:10:10.0, S 11:10:17.3, pengo sekunde 7.3
Kituo B: P 11:10:15.0, S 11:10:26.0, pengo 11.0
Kituo C: P 11:10:21.7, S 11:10:37.5, pengo 15.8

Zidisha kila pengo kwa 8.2: A iko kilomita 60 kutoka chanzo, B 90, C 130. Chukua ramani na bikari, chora duara kwa kila kituo. Zinapokatana ndipo kwenye kitovu, yaani mahali pa juu ya ardhi palipo wima juu ya chanzo.

Sasa jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: duara hizo hazikatani kwenye nukta moja, zinaacha kipande chenye pembe tatu. Umbali uliopata ni wa mshazari, kutoka kituoni kwenda chini hadi kwenye chanzo, si wa juu ya ardhi. Chanzo kikiwa na kina cha kilomita 20, umbali wa juu ya ardhi wa A ni 56.6, wa B 87.7, wa C 128.5. Ona kwamba kituo cha karibu ndicho kinachokosewa zaidi. Kipande hicho cha pembe tatu ni dalili ya kina, usikifute kwa kalamu nene.

#2 Sekunde_Nane

Nikazie hapo mkuu. Kwa namba hizohizo unapata pia saa ya tukio bila kujua mahali. Chora grafu: mlalo ni saa ya P, wima ni pengo la S na P. Nukta zinakaa kwenye mstari, na mstari unapogusa sifuri ndiyo saa tetemeko lilipoanza. Hii ndiyo grafu ya Wadati, Mjapani yuleyule aliyethibitisha miaka ya 1920 kwamba kuna matetemeko ya kina kirefu.

Mteremko wa mstari ni uwiano wa kasi za P na S ukitoa 1. Kwa miamba ya kawaida ni 0.73. Ukigawa 7.3 kwa 0.73 unapata sekunde 10, yaani tukio lilianza 11:10:00. Jaribu B na C, zitaangukia palepale ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Faida yake kubwa kwa anayefanya kazi ni kunasa makosa. Nukta moja ikiruka mbali na mstari, ama umeshika S isiyo S, ama umechanganya matukio mawili. Utalijua hilo kabla hujagusa programu yoyote ya kukokotoa.

Halafu tahadhari: hiyo 8.2 usiibebe kila mahali. Kuanzia kilomita 150 hadi 200 hivi, wimbi la kwanza kufika si lile lililopita ndani ya ganda moja kwa moja. Ni lile lililozama hadi kwenye mantili, tabaka lililo chini ya ganda, likakimbia huko kwa kilomita 8 kwa sekunde na kurudi juu. Kwa mawimbi hayo kila sekunde ya pengo inayoongezeka ni karibu kilomita 10 za ziada. Mtu akizidisha 8.2 kwenye rekodi ya kituo kilicho kilomita 600, kitovu chake kinaangukia mkoa mwingine.

#3 Mdau_wa_Ziwa

Shukrani wakuu. Swali: kama pengo la S na P linatosha, saa za GPS kwenye vituo za nini? Pengo halijali saa ya kituo inasomaje.

#4 Dada_Wimbi

Swali zuri, na ni kweli: kituo kilichopoteza GPS bado kinakupa umbali. Tatizo ni kwamba S ni ngumu kushika. Inafika wakati mkia wa P bado unatikisa, kwa hiyo mwanzo wake umefunikwa. Kosa la nusu sekunde kwenye S ni kilomita 4. P inaingia kwenye ukimya, tukio zuri unalishika kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya sekunde au chini ya hapo. Ndiyo maana mahesabu ya kweli yanasimama juu ya saa za P za vituo vingi, na S zinasaidia. Hapo saa mbovu ina gharama: sekunde moja ni kilomita 6 za umbali, na 8 kwa wimbi lililopita mantili.

Kushika P na S kwenye skrini kunakwenda hivi. Fungua mikondo yote mitatu pamoja, yaani rekodi za zile pande tatu. Toa wastani ili mstari ukae kwenye sifuri. P itafute kwenye mkondo wa wima bila chujio la masafa kwanza. Nasisitiza bila chujio, kwa sababu chujio la kwenda na kurudi, lile lisilosogeza wakati, humwaga nguvu kidogo kabla ya mwanzo halisi wa wimbi, nawe unashika P mapema kuliko ilivyofika. Kelele zikiwa nyingi, chuja kati ya 2 na 10 Hz kwa tukio la karibu, kisha rudi kwenye rekodi ghafi kuthibitisha.

S itafute kwenye mikondo miwili ya mlalo. Ukishapata mahali pa makadirio, zungusha mikondo hiyo, mmoja uelekee kwenye chanzo na mwingine uwe wa kukata njia. S kwenye ule wa kukata njia ndiyo safi. Kituo kikikaa juu ya mashapo, sehemu ya S hugeuka P inapoingia kwenye tabaka laini na kufika mbele ya S yenyewe, na kwenye mkondo wa wima inaonekana kabisa kama S. Wengi hunaswa hapo, na tukio zima linavutwa karibu na kituo.

Kila ulichoshika kipe daraja. Kwa mtindo wa programu ya HYPO71, ambao SEISAN, programu ya Chuo Kikuu cha Bergen, inaufuata, 0 ni uzito kamili, 1 ni robo tatu, 2 nusu, 3 robo, 4 usitumike. Mtu anayetoa 0 kila mahali anaidanganya programu.

#5 Mwamba_Mkongwe

Na programu inafanya nini na saa hizo? Njia ni ya Ludwig Geiger, ya mwaka 1910, mpaka leo ndiyo uti wa mgongo. Visivyojulikana ni vinne: latitudo, longitudo, kina na saa ya tukio. Kwa hiyo unahitaji angalau saa nne za kufika kwa mawimbi, na kiuhalisia zaidi sana.

Unaanza na makisio, mara nyingi karibu na kituo kilichopata P kwanza. Unakokotoa, kwa mfano wa kasi za ardhi uliouchagua, kila wimbi lingefika lini. Unatoa kwenye saa zilizopimwa, zinabaki tofauti. Unauliza: nikisogeza chanzo kilomita moja mashariki, tofauti ya kila kituo inabadilikaje? Kaskazini je? Chini je? Unatafuta msogeo unaopunguza jumla ya miraba ya tofauti hizo, unasogea, unarudia. Kwa tukio lenye data nzuri, baada ya mizunguko michache chanzo hakisogei tena.

Kinachowapotosha watu ni kuamini kwamba tofauti ndogo ni kitovu sahihi. Vituo vyote vikiwa upande mmoja, programu inaweza kukupa tofauti ndogo za kupendeza huku kitovu kikiwa kilomita 30 pembeni. Angalia pengo la vituo: ukisimama kwenye kitovu ukageuka mduara mzima, ni nyuzi ngapi hazina kituo? Zikizidi 180, mahali hapo pachukulie kwa tahadhari. Matetemeko ya baharini mbele ya pwani yetu yana ugonjwa huu, vituo viko nchi kavu tu.

Mfano wa kasi nao una neno. IASP91 inachukulia ganda lenye unene wa kilomita 35, P 5.8 sehemu ya juu na 6.5 sehemu ya chini, kisha 8.04 mantilini. Ni wastani wa dunia. Bonde la Ufa halijasoma wastani huo.

#6 Mdau_wa_Ziwa

Na kina? Kagera kutoka 10 hadi 40 si tofauti ndogo.

#7 Sekunde_Nane

Kina ndicho kigumu kuliko vyote vinne. Kituo kikiwa mbali, mionzi yote inatoka kwenye chanzo kwa pembe zinazokaribiana. Ukishusha chanzo chini kidogo na kubadilisha saa ya tukio kidogo, saa za kufika zinabaki karibu zilezile. Programu haiwezi kutenganisha hivyo viwili. Ili kina kishikike unahitaji kituo kilicho karibu na kitovu kwa umbali usiozidi sana kina chenyewe, na S nzuri kwenye kituo hicho. Kwa Kagera, kituo cha Mbarara, ambacho data zake ziko wazi kwa dunia nzima, kiko takriban kilomita 100 kutoka kitovu. Kile cha Kilima Mbogo, Kenya, kiko zaidi ya kilomita 600.

Data zisipotosha, mkokotoaji anakifunga kina. USGS hufunga kwenye 10. Orodha za zamani zilipenda 33. Kwa hiyo ukiona "10.0" kamili, isome kama "hakijulikani bado, kifupi".

Kinachookoa ni vituo vya mbali sana, nyuzi 30 na kuendelea (nyuzi moja ya mzingo wa dunia ni kama kilomita 111). Sehemu ya wimbi hupanda kwanza kutoka kwenye chanzo hadi juu ya ardhi, ikagonga na kurudi chini, ndipo ikafuata njia ya P. Hiyo inaitwa pP. Inachelewa nyuma ya P kwa muda unaotegemea kina tu, karibu. Kwa kilomita 40 ni kama sekunde 11, unaiona kwa macho. Kwa kilomita 10 ni kama sekunde 3, inazama ndani ya P yenyewe na huwezi kuapa. Njia nyingine ni kulinganisha umbo zima la mawimbi na mawimbi ya kukokotolewa kwa kina tofauti. Yote hayo yanahitaji muda, kwa hiyo kina kilichorekebishwa huja baadaye.

#8 Lava_Goma

Huku kwetu shida ni nyingine. Kipindi cha mlipuko wa volkano ya Nyiragongo, Mei 2021, matetemeko yalifuatana mfululizo, moja halijaisha lingine limeingia. Hapo unashikaje?

#9 Dada_Wimbi

Ndugu, hapo mashine ndiyo inapotea kwanza. Kishikaji cha kawaida hulinganisha wastani wa nguvu ya dirisha fupi, tuseme sekunde 1, na wa dirisha refu, tuseme sekunde 30. Uwiano ukivuka 3 au 4, kinapiga kengele. Kwenye mfululizo, dirisha refu limeshajaa mitikisiko, uwiano haupandi, na tukio la pili linapita kimya. Fupisha dirisha refu, au tumia chujio la juu zaidi ili mkia wa lililotangulia uishe haraka.

Hatari ya pili ni kuoanisha P ya tukio moja na S ya lingine. Kwa vituo vilivyo karibu na Goma pengo la S na P ni sekunde chache tu. Ukiona pengo la sekunde 9 kwenye kituo ambacho majirani zake wote wana 2 au 3, umeoanisha vibaya.

Ukiwa na orodha ya mamia, usihangaike na mahali halisi pa kila moja. Tumia mahali pa kulinganisha. Matukio mawili yaliyo jirani hupita njia ileile kwenda kituo kilekile, kwa hiyo makosa ya mfano wa kasi yanafutana ukichukua tofauti ya saa zao. Waldhauser na Ellsworth waliitoa njia hii mwaka 2000, programu yake ni hypoDD. Wingu la nukta lililotawanyika hukusanyika likawa mstari au bapa, na hapo unaona magma au mpasuko unaelekea wapi.

#10 Fundi_Kihisio

Mnaongea mahesabu, lakini takataka ikiingia takataka itatoka. Machache ya kituoni.

Chimba hadi mwamba. Mimina saruji juu ya mwamba wenyewe, na bamba hilo lisigusane na kuta za kibanda, la sivyo upepo ukisukuma kibanda unarekodi kibanda. Funika seismomita, chombo chenyewe cha kupima mitikisiko, kwa maboksi ya povu, maana joto la mchana na baridi ya usiku huonekana kama mawimbi ya muda mrefu. Sawazisha kwa kiputo, kisha funga skrubu za miguu, watu husahau kufunga.

Kaskazini iwe kaskazini ya kweli. Kwenye miamba ya lava dira hudanganya, na nondo kwenye saruji hudanganya zaidi. Pima mwelekeo nje, mbali na chuma, kisha uuhamishe ndani. Ukikosea nyuzi 10 na mtu akatumia kituo chako peke yake kukadiria upande, kwa tukio la kilomita 600 umemsogeza kama kilomita 105.

Antena ya GPS ione anga, majani yakikua kata. Waya pitisha kwenye bomba, panya hawana huruma. Zungushia uzio, maana ng'ombe akilala juu ya kifuniko ardhi inainama kiasi cha seismomita kuona.

Na hili ndilo linaloharibu ukubwa kimyakimya: faili la maelezo ya chombo. Seismomita ya aina ya STS-2 inatoa volti 1500 kwa kila mita kwa sekunde. Ukibadilisha kinasa data ukasahau kubadilisha namba yake ya ukuzaji, kosa la mara mbili ni 0.3 ya ukubwa, la mara kumi ni 1.0 nzima. Kituo kinachosoma juu kwa 0.3 kila tukio, mwaka mzima, kina faili bovu au kimekaa juu ya udongo laini. Udongo ukikuza mara tatu unaongeza karibu 0.5.

#11 Mwamba_Mkongwe

Asante fundi, umenifungulia mlango wa ukubwa.

Charles Richter, California, 1935. Alitumia chombo kimoja, Wood-Anderson, na kanuni moja: tetemeko linalochora milimita 1 kwenye chombo hicho kikiwa kilomita 100 lina ukubwa wa 3. Milimita 10 ni 4. Ni logi tu, ndiyo maana ukubwa unaweza kuwa chini ya sifuri, na migodini unapimwa kila siku. Leo hakuna anayetumia chombo chenyewe: tunachukua rekodi ya kisasa, tunaigeuza kihesabu iwe kana kwamba Wood-Anderson ndiyo iliyoirekodi, kisha tunapima kimo kikubwa cha wimbi kwenye mlalo. (Walioiga kwa ukuzaji wa 2800 ulioandikwa kwenye vitabu walipata namba za juu kidogo, vipimo vya 1990 vilionyesha ni karibu 2080.)

Ugumu ni nyongeza ya umbali. Wimbi hufifia likisafiri, na linafifia tofauti kila nchi. Kanuni ya California ya Hutton na Boore, 1987, ML ikiwa huo ukubwa wa Richter, A kimo cha wimbi kwa milimita na R umbali kwa kilomita:

ML = log A + 1.110 log(R/100) + 0.00189(R − 100) + 3.0

Langston na wenzake, 1998, walikokotoa ya Tanzania kutokana na vituo vya muda vilivyowekwa mwaka 1994 na 1995:

ML = log A + 0.776 log(R/17) + 0.000902(R − 17) + 2.0

Weka namba. Kimo milimita 2, umbali kilomita 300. California inakupa 4.2. Tanzania inakupa 3.5. Rekodi moja, wimbi moja. Kwa kilomita 17 kanuni zote mbili zinakubaliana, kwa 100 zinatofautiana 0.3, kwa 500 karibu 1.0. Sababu ni mwamba mkongwe wa katikati ya Tanzania: ni baridi na mgumu, mawimbi yanapita bila kufifia sana. Anayetumia programu na kuacha kanuni iliyokuja nayo kutoka kiwandani anaongeza ukubwa wa matetemeko yetu bila kujua, na anaongeza zaidi kwa yaliyo mbali na vituo. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa la kwanza kulitafuta ukikuta orodha mbili za eneo letu hazikubaliani.

#12 Mdau_wa_Ziwa

Aisee, 0.7 kwa kanuni tu! Kwa hiyo hiyo 5.9 ya Kagera ni ML?

#13 Sekunde_Nane

Hapana, ni Mw, ukubwa wa momenti, nitaufikia. Na hapa ndipo "Richter" ya magazetini inapokosewa.

Kuna mb, inayopimwa kwenye P ya vituo vya mbali, kipindi cha karibu sekunde 1. Inapatikana haraka, lakini karibu na 6 na nusu inagoma kupanda hata tetemeko likiwa kubwa zaidi. Kuna Ms, ya mawimbi ya juu ya ardhi yenye kipindi cha sekunde 20. Hiyo nayo inagoma karibu na 8, na haifai kwa matetemeko ya kina kirefu kwa sababu hayazalishi mawimbi hayo vizuri. Tetemeko kubwa huvunja mpasuko mrefu kwa dakika kadhaa, na nguvu yake ya ziada inakwenda kwenye mawimbi marefu sana. Ukipima mafupi peke yake ni kupima ngoma kwa kusikiliza njuga.

Japani, 11 Machi 2011: Idara yao ya Hali ya Hewa ilianza na 7.9 dakika chache baada ya tukio, ikapanda hadi 8.4, 8.8, na mwisho 9.0. Kutoka 7.9 hadi 9.0 ni karibu mara 45. Sumatra, 26 Desemba 2004, ilianza na 8.0 kwenye taarifa ya kwanza ya kituo cha tahadhari cha Pasifiki. Tsunami yake ilifika Somalia, Kenya na Tanzania.

Mw inatokana na momenti: ugumu wa mwamba, mara eneo la mpasuko lililoteleza, mara kiasi cha mtelezo. Ugumu chukua paskali 3×10^10. Kisha, kwa kanuni ya Hanks na Kanamori ya 1979:

Mw = (2/3)(log M0 − 9.1), M0 ikiwa nyutoni-mita

Kwa 5.9, M0 ni karibu 8.9×10^17. Bapa la mpasuko la kilomita 10 kwa 8 lingehitaji kuteleza sentimita 37 kufikia hapo. Tetemeko la Ziwa Tanganyika la 5 Desemba 2005, Mw 6.8, ni 2×10^19, karibu mara 22. Ndiyo maana 0.9 si "kidogo tu".

Hatuendi kupima bapa kwa futi. M0 hupatikana kwa kulinganisha mawimbi marefu ya vituo vingi na ya kukokotolewa, na lazima usubiri mawimbi hayo yafike. Kwa tukio la ukubwa wa kati, uwe na subira ya robo saa mpaka saa nzima.

#14 Karani_Taarifa

Naandika taarifa za dharura. Nikiwa na namba tatu mezani nichukue ipi? Na wananchi wanauliza mbona Bukoba nyumba zimeanguka na kwingine wamehisi tu, kama ukubwa ni mmoja.

#15 Dada_Wimbi

Ukubwa ni wa chanzo, ni mmoja. Ukali wa mtikisiko ni wa mahali, huandikwa kwa namba za Kirumi kwenye kipimo cha Mercalli, na unabadilika kwa umbali, kina, udongo na jinsi nyumba ilivyojengwa. Usiziweke kwenye sentensi moja.

Kwa taarifa: kama Mw ipo, itumie, vinginevyo taja aina iliyopo. Taja taasisi na saa uliyoichukua, kwa sababu itabadilika. Tarajia taasisi mbili makini zitofautiane 0.1 au 0.2, zikitofautiana 0.5 au zaidi, angalia kama zinapima aina moja. Kitovu usikitaje kwa jina la kijiji kana kwamba ni nukta. Ukurasa wa USGS una kosa la mlalo kwa kilomita, lichukue. Kina kikiwa 10.0 kamili, andika "kina kifupi" na uishie hapo. Kwa Tanzania, wasiliana na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST), Dodoma.

#16 Mdau_wa_Ziwa

La mwisho wakuu: baruti za migodi ya Kanda ya Ziwa zinaingia kwenye orodha?

#17 Fundi_Kihisio

Zinaingia, tena nyingi. Panga orodha yako kwa saa ya siku. Matetemeko hayana ratiba, baruti zina ratiba ya kazi. Ukiona rundo mchana, siku za kazi, kwenye eneo lilelile, kina kinakataa kushuka chini ya sifuri, ukubwa 2 na kitu, usiite mpasuko mpya. Angalia pia mwelekeo wa P ya kwanza kwenye mkondo wa wima: mlipuko unasukuma nje pande zote, kwa hiyo inapanda juu kwenye kila kituo. Tetemeko la mpasuko litapanda kwa baadhi na kushuka kwa wengine. Ila hakikisha kwanza hakuna kituo kilichounganishwa waya kinyume. Kichunguze kwa tetemeko kubwa la mbali: vituo vyote vya eneo moja vinapaswa kuanza upande mmoja, anayeanza kinyume na wenzake ndiye mwenye waya uliogeuzwa.